"Mama, kila mtu ananiambia ni jaribu"

Barua za mwezi huu zimeninyima usingizi. Ni kama mlikaa pamoja mkakubaliana kuniuliza swali moja kila mtu kwa sauti yake: ni kweli shida inamkuza Mkristo, na kama ni kweli mbona mimi naona narudi nyuma? Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kirefu kuliko zingine kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilipita, mnivumilie.

SWALI: Bwana asifiwe Mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kayole, nimeuza nguo za watoto soko la Gikomba miaka kumi na moja. Mwezi wa pili moto ulishika upande wetu, nikapigiwa simu saa tisa usiku, kufika nikapata mabati yamejikunja na bale mbili za mitumba nilizonunua wiki hiyo zimekuwa majivu, na moja ilikuwa ya pesa ya chama chetu cha kuweka akiba. Tangu hapo kanisani kila mtu ananiambia ni jaribu, ati Mungu ananipandisha darasa, ati bila jaribu hakuna ushuhuda. Pasta msaidizi akaniambia nipande mbegu ya elfu tano ndio Mungu anirudishie mara saba. Hiyo elfu tano sina Mama. Lakini shida yangu kubwa ni kwamba siwezi kuomba, nikifunga macho naona moto. Nimemkasirikia Mungu na naogopa hata kuandika hivyo. Tumefundishwa kwamba dhiki inakuza imani, mbona yangu inakufa? Ni mimi sina imani ama hilo neno si la kweli?
*Mama Watatu, Kayole*

JIBU: Dadangu, kwanza pole. Najua umelisikia hilo neno hadi likaisha ladha lakini pokea na yangu. Mtu ambaye hajawahi kufungua bale alfajiri akichambua kamera, zile nguo safi za kwanza, kando, na fagia, zile mbovu za mwisho, kando hajui ni matumaini kiasi gani yamefungwa mle ndani, na ukiongeza ya chama sasa hata kutembea mtaani kunakuwa kugumu, kila mwanachama ukikutana naye unaona deni machoni pake hata kama yeye anakusalimia tu.

Umeuliza kama neno ni la kweli. Ni la kweli. Lakini venye unaambiwa sivyo neno linavyosema, na hapo ndipo umeumizwa mara ya pili.

Fungua Warumi 5. Paulo anasema dhiki, kazi yake ni kuleta saburi, na kazi ya saburi ni uthabiti wa moyo, na kazi ya uthabiti wa moyo ni tumaini. Napenda sana vile Biblia yetu ya Kiswahili imeweka hapo neno kazi. Kazi inachukua muda, huwezi kumleta fundi asubuhi na ikifika saa nne unadai nyumba iwe imeisha. Na angalia mpangilio wenyewe: baada ya dhiki kinachofuata ni saburi, si ushuhuda wala kibanda kipya cha mawe. Kwa Kigiriki hilo neno la saburi limetokana na kubaki chini, kubaki chini ya mzigo bila kutoroka. Basi. Kama miezi yote hii tangu moto bado uko chini ya mzigo, bado unaandika barua kuuliza Mungu yuko wapi, wewe uko pale pale Paulo alisema utakuwa. Hujafeli. Ni watu wa kanisa lako wamekuvuta kutoka kwa dhiki hadi kwa ushuhuda wa Jumapili na wakaruka saburi yote.

Na mtu akikuambia Mungu hampi mtu mzigo unaomshinda, mwelekeze 2 Wakorintho sura ya 1, pale huyo huyo Paulo anasema kule Asia walilemewa kupita nguvu zao hadi wakakata tamaa ya kuishi. Kupita nguvu zao! Ule mstari watu wanapenda kutaja, 1 Wakorintho 10:13, ukiusoma na ya juu yake utaona anaongea juu ya kujaribiwa kuingia dhambini, kuabudu sanamu, uasherati, manung'uniko ya jangwani. Haukuandikwa juu ya mama aliyeunguliwa na stoki.

Halafu hii ya kupandishwa darasa. Gikomba imeungua mara nyingi sana, kila mtu wa Nairobi anajua, na ule moto wa Juni 2018 uliua watu zaidi ya 10. Siku hiyo Mungu alikuwa anampandisha nani darasa, waliokufa ama waliobaki? Mtu akikaa na hilo swali dakika tano tu hatarudia kusema ile sentensi. Moto huwa na chanzo chake, ni waya, ni jiko, ni mkono wa mtu mwenye tamaa ya ploti, na kama ni mkono wa mtu basi hiyo ni dhambi ya huyo mtu na iandikwe kwa jina lake, tusimwandikie Mungu. Warumi 8:28 inasema katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. KATIKA mambo yote. Yaani yuko ndani yake anafanya kazi, haisemi kila jambo ni yeye amelituma. Hiyo "katika" imenibeba miaka mingi.

Sasa nikuambie yangu. Mume wangu alianza kuugua figo 2006, na 2008 mwezi wa kumi akafa. Mimi nilikuwa kiongozi wa kina mama kanisani, mtu wa kuombea wengine, mtu wa kuitwa usiku. Baada ya mazishi nilirudi kwa nyumba yetu mtaa wa Jericho hapa Nairobi nikakaa miezi mitano bila kuingia kanisani, nikiulizwa nasema miguu inauma. Ukweli ni kwamba wimbo wa kwanza ukianza nilikuwa nasikia kifua kinajaa hadi natamani kupiga kelele. Watu walikuja kuniona, na kila mtu alikuja na maelezo yake. Mmoja aliniambia Mungu amemchukua kwa sababu anampenda kuliko mimi. Nikasema kimoyomoyo, kama kupendwa na yeye ndio huku, basi aniache.

Kulikuwa na shosho mmoja kanisani kwetu, karibu miaka themanini, wa wale watu wa uamsho. Kwa vijana wasiojua, uamsho ni ile moto ya kiroho iliyoanza Gahini huko Rwanda miaka ya 1930 na ikafika Kenya 1937, na ilipotangazwa Hali ya Hatari Oktoba 1952 hawa watu wakajipata katikati. Wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wameshakunywa damu ya Yesu hawawezi kunywa ingine, na wengi wao wakakataa pia kushika bunduki za mkoloni, kwa hivyo walishukiwa na pande zote mbili na wengine waliuawa. Huyu shosho wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu huko Murang'a, alipigwa hadi akaachwa akidhaniwa amekufa, na alikuwa na kovu kutoka kwa sikio hadi shingoni.

Alikuwa anakuja kwangu kila Alhamisi. Anakaa jikoni na kikapu cha minji anatoa maganda, haongei. Wiki ya kwanza hivyo, ya pili, ya tatu. Wiki ya nne ni mimi nililipuka, nikamwambia nimemchukia Mungu. Hakuinua hata kichwa. Akaniuliza, umemwambia? Nikauliza nani. Akasema, yeye Mungu, umemwambia ama unaniambia mimi? Halafu akafuta mikono akatoa Biblia akanisomea Zaburi ya 88 yote, akafunga, akarudia minji yake.

Isome leo dadangu. Ziko zaburi 150 na zile za kilio ni nyingi kuliko vile nyimbo zetu za kanisa zingekufanya ufikirie, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na zingine kama hiyo, lakini nyingi zao zikifika mwisho zinageuka kuwa shukrani. Hiyo ya 88 haigeuki. Mtu analia kutoka mwanzo, anamuuliza Mungu mbona unanificha uso wako, na inaishia gizani, hapo ndio mwisho, hakuna mstari wa kufuta machozi. Na wazee wa Israeli hawakuitoa. Waliiacha ndani ya kitabu cha nyimbo za ibada ili watu waiimbe hekaluni. Mimi kwa hayo najua kwamba kumlilia Mungu ukiwa umemkasirikia ni ibada, kwa sababu mtu aliyemwacha Mungu hamlilii, anamnyamazia tu.

Ayubu vilevile. Wale marafiki watatu walipofika walikaa naye chini siku saba hawakusema neno, na hadi hapo walikuwa marafiki wazuri sana. Halafu wakafungua midomo wakaanza kumweleza Mungu anamfanyia nini. Ayubu amelaani siku aliyozaliwa, amemuita Mungu mahakamani, na bado ukifika sura ya 42 mstari wa 7 Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili na kusema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Waliomtetea Mungu kwa maneno mazuri ndio walihitaji kuombewa, na aliyewaombea ni yule aliyekuwa akipiga kelele kwenye majivu.

Baadaye sana, nikiwa nimerudi kanisani, nilimuuliza yule shosho kama ni kile kipigo kilimfanya awe mtu wa moyo mkubwa vile. Alikataa kabisa, karibu anikasirikie. Alisema kiboko hakifunzi mtu kitu, kuna wenzake walipigwa kama yeye na wakakauka ndani na wakafa wamekauka. Yeye alisema kilichomkuza ni kwamba kila wiki walikuwa wanakutana nyumbani kwa mmoja wao na kusema ukweli, nani ameogopa, nani amechukia nani, nani amechuma mahindi ya jirani, na wanaombeana, wiki baada ya wiki, miaka. Yule mtu aliyempeleka kwa wapigaji alikuwa wa kijiji hicho hicho na ilimchukua shosho miaka kumi na minne kumpa mkono. Kumi na minne!

Kwa hivyo jibu langu kwako ni hilo dadangu. Shida peke yake haimkuzi mtu, nimeona shida ikivunja watu wazuri kabisa. Kinachokua ndani yake ni ule ukweli unaoendelea kumwambia Mungu ukiwa ndani ya shida, na wale watu wachache wanaokubali kukaa na wewe hapo bila kukuelezea.

Usiku wa leo usifunge macho. Kama ukifunga unaona moto basi omba macho yakiwa wazi, hakuna mahali tumeambiwa lazima tufunge. Mpe hesabu yote: bale mbili, pesa ya chama ni kiasi fulani, karo ya watoto hii, mwambie umekasirika, mwambie unaogopa kumwambia umekasirika. Kama inakuja dakika mbili tu, ni dakika mbili. Kama haiji kabisa soma 88 kwa sauti yako na uache hapo, hayo maneno yatakuombea. Halafu tafuta watu wawili, si grupu nzima ya WhatsApp ya kanisa, wawili tu, na uwaambie hivi ulivyoniambia. Na kwa chama usijifiche, enda kikaoni, weka mezani kwamba bale imeungua na utalipa pole pole kiasi fulani kwa wiki, aibu ya kusema ni ya siku moja lakini ya kujificha haiishi.

Hiyo mbegu usipande. Najua watatoa ule mfano wa mjane wa senti mbili, Marko 12. Waambie wasome sura hiyo kuanzia mistari michache juu yake, pale Yesu anakemea viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane, ndio mjane sasa anaingia. Mungu hauzi bale.

Na kuhusu kutolala na kuona moto kila ukifunga macho, hilo nisilipitie haraka. Hiyo ni jeraha, jeraha la akili, na lina matibabu. Elia alipochoka hadi akaomba afe, 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji akamwacha alale, akamuamsha akala tena, na mazungumzo na Mungu yakaja baadaye sana mlimani. Enda kituo cha afya kilicho karibu uulize mshauri nasaha ama daktari wa akili, uwaambie umepitia moto na hulali. Ukifika mahali unaona ni heri usiwepo, hiyo siku usingoje asubuhi, mwambie mtu akupeleke.

Jambo la mwisho kwako. Wanafunzi wa historia wanamjua mmishonari Krapf. Alifika Mombasa 1844 na mkewe Rosine, na Julai mwaka huo huo Rosine akafa kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua na yule mtoto akamfuata. Krapf hakukimbia kurudi Ulaya. Mwaka huo huo alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, 1846 akafungua misheni Rabai pamoja na Rebmann, akaandika sarufi na kamusi, na sisi tunaosoma Neno kwa lugha hii tunakula matunda ya kule kubaki kwake. Lakini nikisikia mhubiri akisema Rosine alikufa ILI tupate Biblia huwa naumia sana. Rosine alikufa kwa homa. Alikuwa mke wa mtu na mama wa mtu. Kilichozaa matunda ni mume aliyebaki chini ya ule mzigo na akashika kalamu mkononi. Usikubali mtu akutafutie sababu nzuri ya moto wako, wewe baki tu, lia, lipa chama, lala. Utakuja kuambiwa na watu wengine kwamba umekua, wewe mwenyewe hutaona.

SWALI: Hujambo Mama, mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Zimmerman. Nilimaliza digrii 2021 na hadi leo sijapata kazi ya ofisi, nimetuma maombi hadi nimepoteza hesabu. Nimefunga siku 21 kila Januari miaka mitatu. Sai nafanya mjengo, nabeba mawe na kuchanganya simiti, na jioni naona aibu kukutana na tuliosoma nao. Nabii mmoja ameniambia kuna laana kwa ukoo wetu kutoka kwa babu na ndio inafunga milango, anataka elfu kumi na tano ya maombi ya ukombozi. Je, Mungu ananiadhibu? Nifunge 40?
*Kijana wa Mjengo*

JIBU: Mwanangu, hiyo elfu kumi na tano usitoe. Nimeanza hapo kwa sababu najua ukipata kibarua cha wiki mbili utajaribiwa. Simoni alipotaka kununua kipawa cha Mungu kwa pesa Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye, Matendo 8, na Naamani alipokuja na dhahabu na nguo kumshukuru Elisha, Elisha alikataa kila kitu. Aliyezikimbilia ni Gehazi na alirudi na ukoma. Mtumishi wa Mungu anayekutajia bei kabla ya maombi, wewe shika njia yako.

Kuhusu laana, Ezekieli 18 sura nzima imeandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa wanasema kama huyo nabii, kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Mungu anawaambia waache huo msemo, mwana hatabeba uovu wa baba yake. Na wanafunzi walipoona yule kipofu wakauliza ni nani alitenda dhambi, yeye ama wazazi wake, Yesu alisema si yeye wala si wazazi wake. Kuna pia ule mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 wakafa, Luka 13, Yesu akauliza mnadhani hao walikuwa wabaya kuliko wengine wote Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, la. Kwa hivyo hapana mwanangu, kukosa kazi si fimbo ya Mungu mgongoni mwako. Angalia pembeni yako kwa hiyo mjengo, ni wangapi wana diploma na digrii? Wote babu zao walifanya nini? Nchi imesomesha watoto wengi kuliko kazi ilizotengeneza, na kuna ofisi hadi leo kazi inapitia kwa mjomba. Hilo ni kosa la kurekebishwa na watu wazima, siyo pepo la kukemewa kwa tumbo lako.

Kufunga ni kuzuri, mimi pia nafunga. Lakini siku 40 huku unabeba mawe utaanguka kutoka kwa jukwaa la mjengo na hiyo haitakuwa imani. Na soma Isaya 58 kabla ya kufunga tena, watu pale wanalalamika wamefunga na Mungu hajaona, na Mungu anawajibu kwamba saumu anayoitaka ni kufungua vifungo vya uonevu na kumgawia mwenye njaa chakula. Ile chapo dondo ya saa sita hapo site, ukimkatia nusu yule mzee ambaye hajalipwa tangu Ijumaa, umefunga saumu ya Isaya.

Hii ya aibu ndio nataka tukae nayo kidogo. Bwana wako alikuwa fundi. Marko 6:3 watu wa kwao wanamdharau wakisema huyu si yule seremala, na Luka anasema alipoanza huduma alikuwa wa miaka kama 30. Ina maana miaka yake mingi duniani aliimaliza mikono ikiwa na sugu, na hakuna muujiza ulioandikwa wa hiyo miaka, hakuna mahubiri, ni kazi tu na sinagogi na nyumba ya mama yake. Na siku anabatizwa, kabla hajamponya mtu hata mmoja, sauti kutoka mbinguni ikasema amependezwa naye. Sasa wewe ukipita hapo stendi na vumbi ya simiti kwa nywele ukutane na wenzako wa chuo, wasalimie ukiinua uso.

Endelea kutuma maombi, mfuate mtu anayefanya kazi ile ulisomea akuonyeshe ni nini kinakosekana kwa karatasi zako, na hapo kwa mjengo muombe fundi akufunze kusoma ramani na kupima, usibaki kubeba tu. Uniandikie tena ikifika Desemba, nataka kujua.

SWALI: Mama, mume wangu ananipiga, mara ya mwisho alinivunja kidole. Wazee wa kanisa walituita wakaniambia hiyo ni msalaba wangu na nikivumilia nitakua kiroho na yeye ataokoka kupitia mimi. Nina watoto wawili. Je, ni kweli?
*Msomaji, naomba usitaje mtaa*

JIBU: Binti yangu, si kweli. Nimeandika kurasa nzima hapo juu juu ya kubaki chini ya mzigo, na nisingependa hata neno moja la hizo kurasa likufikie wewe vibaya. Kipigo si mzigo wa kubaki chini yake. Yesu alisema juu ya uhai wake kwamba hakuna anayeuondoa kwake bali anautoa yeye mwenyewe, Yohana 10, wewe kidole chako hukukitoa. Na kabla saa yake kufika, walipotaka kumtupa kwenye mteremko pale Nazareti alipita katikati yao akaenda zake, na walipookota mawe hekaluni alijificha akatoka. Paulo naye aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Kukimbia kifo si kukosa imani.

Mume wako anaweza kuokoka bila mifupa yako kuvunjwa. Hiyo kazi ni ya Roho Mtakatifu na yeye hahitaji ngumi.

Piga 1195, ni laini ya bure ya taifa ya watu waliodhulumiwa kijinsia, inashikwa usiku na mchana. Enda hospitali hicho kidole kiandikwe kwenye rekodi, hata kama kimeanza kupona, halafu ripoti polisi upewe fomu ya P3 na daktari aijaze. Kenya ina sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu 2015 na unaweza kuomba kortini amri ya kumzuia asikukaribie. Wale wazee usiwaulize tena kitu. Kama kuna mama mmoja kanisani unayemwamini mwambie yeye, na kama hayuko mwambie jirani.

Weka mfuko mmoja tayari: kitambulisho chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zao za kliniki, nguo za kubadilisha, nauli. Huo mfuko usikae kwako, upeleke leo kwa jirani, na mkubaliane naye neno moja la kawaida, kama kuomba chumvi, ambalo mtoto akitumwa nalo usiku yeye atajua ni saa ya kupiga simu.